Sindano na Historia: Wanasesere wa Paris Waliovikwa Mavazi ya Kale

Watu wengi wakisikia neno mwanasesere humfikiria mtoto mdogo aliyeketi kibarazani akimbembeleza mtoto wake wa matambara. Fikira hiyo si mbaya, wala hatukusudii kuidharau. Lakini katika historia ya Ulaya wamekuwapo wanasesere wa namna nyingine, ambao hawakuundwa kwa ajili ya mchezo. Walisafirishwa kutoka jumba la mfalme mmoja hadi jumba la mwingine kama wajumbe. Walitangaza biashara ya mafundi. Na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walivushwa bahari ya Atlantiki kupeleka shukrani za taifa zima.

Katika makala haya tutaeleza habari za wanasesere hao wa mitindo, hasa wale 49 walioshonewa mavazi ya kale na mafundi wa Paris katika mwaka 1949. Pamoja na kusimulia, tutajaribu kulijibu swali linalotuhusu sisi walimu: je, kitu kidogo kilichoshonwa kwa mkono chaweza kutufundisha historia ya kweli?

Wajumbe wasiosema

Wanahistoria wa mavazi mara nyingi huanzia mwaka 1396. Hesabu za jumba la mfalme Charles VI wa Ufaransa zataja malipo aliyopewa Robert de Varennes, fundi wa nguo wa mfalme, kwa ajili ya mavazi ya wanasesere waliopelekwa kwa malkia wa Uingereza. Tangu hapo desturi hiyo iliendelea kukua. Katika karne ya 17 na ya 18 wanasesere wa Paris waliitwa Pandora, nao walikuwa wa aina mbili: Pandora mkubwa, aliyevikwa mavazi ya sherehe za jumba la mfalme, na Pandora mdogo, aliyevikwa mavazi ya kila siku. Rose Bertin, aliyekuwa akimshonea malkia Marie-Antoinette, aliwatuma wanasesere wa namna hiyo katika majumba ya wafalme wa nchi nyingine ili mitindo yake ijulikane.

Msomaji huenda akauliza kwa nini hawakutuma picha tu. Jibu ni jepesi kwa mtu aliyewahi kushika mkasi. Picha huonyesha upande mmoja wa nguo, tena huficha jinsi ilivyounganishwa. Mwanasesere aweza kugeuzwa mgongo ukaonekana. Gauni laweza kuvuliwa, likapinduliwa ndani nje, bitana ikatazamwa, marinda yakahesabiwa, na vipimo vikachukuliwa. Fundi wa mji wa mbali akimpokea mwanasesere mmoja alikuwa amepokea somo kamili la ushonaji bila ya mwalimu. Yule mjumbe hakusema neno, lakini alieleweka na watu wa lugha zote.

Kazi hiyo ilianza kupungua pale magazeti ya mitindo yalipoenea. Gazeti lililoitwa Cabinet des Modes lilianza kutolewa Paris mwaka 1785, likiwa na picha zilizotiwa rangi. Karatasi ni nyepesi kuliko sanamu, na nakala zake ni nyingi. Hivyo Pandora akastaafu.

Mwanasesere aliye shahidi

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Kuna mwanasesere aliyevikwa nguo za wakati wake mwenyewe, na kuna mwanasesere aliyevikwa baadaye nguo za wakati uliopita. Wa kwanza tumwite shahidi, na wa pili tumwite msimulizi.

Mfano mzuri wa mashahidi ni wanasesere wawili wajulikanao kwa majina ya Lord Clapham na Lady Clapham, ambao walinunuliwa na jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London katika mwaka 1974. Wawili hao walitengenezwa Uingereza katika miaka ya 1690, nao wangali wameketi juu ya viti vyao vidogo. Wana mavazi rasmi na mavazi ya nyumbani. Wana nguo za ndani, soksi, viatu na kofia. Thamani yao ni kubwa, kwa kuwa nguo halisi za binadamu za zama zile zilizobaki ni chache mno. Nguo ya mtu huvaliwa ikachakaa, hupunguzwa ikawa ya mtoto, na mwisho hugeuka tambara la kufutia meza. Hasa nguo za ndani hazikutunzwa na mtu. Lakini nguo ya mwanasesere haitoki jasho, haifuliwi, wala haina mrithi wa kuipunguza. Ndiyo maana mtafiti atakaye kujua ni nguo gani ilitangulia nyingine mwilini huweza kumwendea Lady Clapham akapata jibu.

Shahidi, basi, hakuvikwa ili atufundishe. Alivikwa ili apendeze siku zake, na sisi tumefaidika kwa bahati. Msimulizi ni kinyume: yeye amevikwa kwa makusudi, ili atuambie jambo juu ya watu waliokwisha kupita. Na wasimulizi mashuhuri kuliko wote walizaliwa katika dhiki ya vita.

Ushonaji katika baridi

Majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris mwezi Juni 1940. Watawala wapya walikusudia kuuhamishia Berlin na Vienna ushonaji wa Paris, pamoja na mafundi wake. Lucien Lelong, aliyekuwa mkuu wa chama cha washonaji wa mitindo, alipinga kwa hoja kwamba ufundi huo hauwezi kung'olewa mahali ulipokulia, kwa sababu unategemea mamia ya karakana ndogo: wadarizi, watengeneza vifungo, wafuma lasi, na washona viatu, kila mmoja akimtegemea jirani yake. Mpango ule haukutimia, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliokolewa wasipoteze riziki yao au kupelekwa mbali.

Paris ilikombolewa Agosti 1944, lakini ukombozi haukuleta kitambaa wala makaa. Katika majira ya baridi yaliyofuata vyumba vya kushonea havikuwa na moto, na umeme ulikatika mara kwa mara. Washonaji walitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba wangali hai, tena walitaka kuchangia fedha kwa ajili ya walioumizwa na vita. Kwa nguo za kimo cha mtu hawakuwa na vitambaa vya kutosha. Ndipo Robert Ricci, mwana wa mshonaji Nina Ricci, alipotoa shauri la kuwarudia wanasesere.

Mchoraji kijana Éliane Bonabel alibuni umbo, naye Jean Saint-Martin akalijenga kwa waya mtupu, hata mwili ukaonekana kama mchoro uliosimama hewani. Vichwa vya plasta vilichongwa na Joan Rebull, mchongaji kutoka Katalonia. Wanasesere hao walikuwa na kimo cha sentimita 70 hivi, nao walizidi 200. Maonyesho yao, yaliyoitwa Théâtre de la Mode, yaani Jukwaa la Mitindo, yalifunguliwa Paris mwezi Machi 1945 katika jengo la Louvre, chini ya uongozi wa Christian Bérard. Watu zaidi ya 100,000 walikwenda kuyatazama. Kisha yalipelekwa katika miji mingine ya Ulaya, na katika mwaka 1946 yakafika New York, halafu San Francisco.

Mafundi walishona kila kitu kana kwamba kingevaliwa kweli. Vifungo vilifunguka, matundu yake yalidariziwa kwa uzi, zipu zilipanda na kushuka, na mikoba midogo ilikuwa na vitu vyake ndani. Baada ya safari vito vilirudishwa Ufaransa, lakini wanasesere wakaachwa San Francisco wamesahauliwa. Mwaka 1952 walipelekwa katika jumba la makumbusho la Maryhill, katika jimbo la Washington, na kati ya miaka ya 1988 na 1990 walitengenezwa upya Paris.

Wanasesere hao wa 1945 walivaa mitindo ya siku zao. Kwa hiyo wao pia ni mashahidi. Lakini ndio waliofungua njia kwa wale wasimulizi.

Treni ya Shukrani

Mnamo Novemba 1947, kwa shauri la mwandishi wa magazeti Drew Pearson, treni ilipita katika Marekani toka magharibi hadi mashariki ikikusanya vyakula kwa ajili ya watu wa Ufaransa na Italia waliokuwa na njaa. Iliitwa Treni ya Urafiki. Wahenga wetu walisema kuwa asante ya punda ni mateke. Wafaransa hawakutaka iwe hivyo. Mfanyakazi mmoja wa reli, André Picard, aliyekuwa askari zamani, alitoa shauri kwamba zawadi zipelekwe Marekani ndani ya mabehewa ya Kifaransa, yale yale madogo ambayo yalikuwa yakichukua watu 40 au farasi 8 nyakati za vita. Mabehewa 49 yalijazwa: moja kwa kila jimbo kati ya majimbo 48 ya wakati ule, na la mwisho kwa mji wa Washington pamoja na Hawaii. Meli iliyoyabeba, Magellan, iliwasili New York mwezi Februari 1949.

Nchi iliyokuwa imepungukiwa na mkate ingetoa nini? Familia zilitoa walivyokuwa navyo: vitabu, vinyago, mapambo ya harusi, picha, na vitu vingine vya ukumbusho. Chama cha washonaji wa Paris nacho kilitoa kile kilichokuwa chake, yaani ufundi na kumbukumbu ya ufundi huo. Safari hii hawakushona mitindo ya mwaka ule. Kila mshonaji alichagua mwaka mmoja kati ya 1715 na 1906, akashona vazi la mwaka huo kwa ajili ya mwanasesere wa waya mfano wa wale wa 1945. Mwaka 1715 ndio aliofariki mfalme Louis XIV; mwaka 1906 ulikuwa karibu na mwisho wa zama za nguo zilizoubana mwili. Wanasesere wakawa 49 kwa hesabu, wakipangwa mmoja baada ya mwingine kama kurasa za kitabu. Walikabidhiwa jumba la makumbusho la Brooklyn. Na hazina ya mavazi ya jumba hilo ilipohamishiwa Metropolitan Museum of Art, New York, katika mwaka 2009, nao walihamia huko.

Anayeutazama msafara huo huona karne mbili zikipita mbele yake. Huona gauni za karne ya 18 zenye marinda mapana yanayoshuka kutoka mabegani, na sketi zilizotanuliwa pande mbili kwa fremu. Huona jinsi umbo lilivyobadilika baada ya mapinduzi ya 1789, kiuno kikapanda hadi chini ya kifua na nguo ikawa nyepesi. Huona mikono iliyovimba ya miaka ya 1830. Kisha zile sketi za duara zilizobebwa na pete za chuma kuanzia mwaka 1856. Kisha sketi iliyobanwa mbele na kuinuliwa nyuma ya miaka ya 1870 na 1880. Kila badiliko lina sababu. Pete za chuma, kwa mfano, zisingewezekana bila ya viwanda vya kutengeneza chuma chembamba chenye kunyumbuka. Tena zilimpunguzia mwanamke uzito wa sketi nyingi za ndani alizokuwa akizirundika kabla ya hapo.

Hesabu ya mkasi

Tusidhani kwamba kushona nguo ndogo ni rahisi kuliko kushona kubwa. Tuchukue mwanasesere wa kiwanda ajulikanaye sana leo, Barbie, aliyetolewa Marekani mwaka 1959. Kimo chake ni sentimita 29 hivi, yaani kama sehemu moja ya sita ya mtu. Ikiwa upindo wa sketi ya mwaka 1860 ulikuwa na mzunguko wa mita 3, basi upindo wa mwanasesere huyo utakuwa sentimita 50. Eneo la kitambaa hupungua zaidi: ni sehemu moja ya sita mara moja ya sita, yaani moja ya thelathini na sita. Mpaka hapo hesabu ni nyepesi.

Taabu ni kwamba unene wa kitambaa haupungui. Uzi ni ule ule, hariri ni ile ile. Sketi ya mtu huanguka vizuri kwa sababu ya uzito wake. Ya mwanasesere haina uzito, kwa hiyo marinda husimama kama karatasi badala ya kulala. Aidha, mwanamke wa 1860 alivaa nguo tabaka kwa tabaka kiunoni. Mwanasesere akivikwa tabaka zote hizo kiuno chake hutoweka, akawa kama gogo. Fundi hana budi kuchagua. Hutafuta hariri nyembamba mno au bafta laini. Hupunguza akiba ya mshono. Huunganisha sketi ya ndani na ya nje penye mshipi mmoja. Hutafuta kitambaa chenye maua madogo, maana ua la kawaida likiwekwa kifuani mwa mwanasesere hufunika kifua chote. Kwanza hukata kielelezo cha karatasi, hukijaribu kwa kitambaa cha bei nafuu, hupiga bandi, hurekebisha, ndipo akathubutu kuikata hariri.

Tukitazama vizuri tutaona kwamba kazi hii yafanana sana na kazi ya mfasiri. Afasiriye neno kwa neno huharibu maana. Apunguzaye nguo uzi kwa uzi huharibu umbo. Ili kuwa mwaminifu kwa jumla, fundi hulazimika kuacha baadhi ya vipande. Ustadi ni kujua kipi chaweza kuachwa na kipi kikiachwa vazi halitakuwa tena la mwaka ule.

Kazi hiyo haikukoma na wale 49. Kiwanda cha Barbie kilianza mwaka 1993 kutoa mfululizo wa wanasesere wenye mavazi ya zama mbalimbali, na mafundi wengi wa nyumbani, katika Marekani, Ulaya na Japani, hushona mavazi ya kale kwa mikono yao wakifuata michoro na nguo zilizotunzwa katika makumbusho. Yafaa pia tukumbuke kwamba nguo za kwanza za Barbie zilishonwa Japani na wanawake waliokuwa wakifanya kazi majumbani mwao. Majina yao hayakuandikwa popote penye kisanduku.

Ambao hawakushonewa

Neno hilo latufikisha kwenye swali tuliloanza nalo. Je, wasimulizi wale 49 wasema kweli? Katika mambo ya mshono, marinda na umbo, wanasema kweli kwa kadiri ya elimu ya washonaji wao, waliotazama picha za wachoraji, magazeti ya kale ya mitindo na maandishi. Lakini msimulizi huchagua. Kati ya miaka 1715 na 1906 Ufaransa ilijaa wakulima, wafua nguo, wauza samaki, na wasichana walioharibikiwa macho kwa kudarizi usiku. Msafara ule ni wa mabibi wenye mali. Pamba na nili zilizovaliwa na mabibi hao ziliwagharimu watumwa wa ng'ambo uhai wao, nao hawamo katika msafara.

Tena msimulizi hutazama kale kwa macho ya leo yake. Mwaka 1947, miaka miwili tu kabla ya treni ile, Christian Dior alikuwa ameonyesha mtindo mpya wa kiuno chembamba na sketi pana, uliokumbusha zama za bibi zetu wa Ulaya. Basi washonaji wa 1949 walipochagua kale, walichagua pia hamu ya siku zao: watu waliovaa viraka miaka mitano walitamani hariri isiyopimwa. Kwa hiyo mwanasesere wa 1949 aliyevaa vazi la karne ya 18 ni msimulizi wa karne hiyo, lakini ni shahidi wa mwaka 1949. Mwalimu wa historia akiweza kuwaonyesha wanafunzi wake pande hizo mbili, atakuwa amewafundisha jambo ambalo litawafaa katika kusoma maandishi ya kila namna.

Nasi walimu wa Kiswahili tunayo sanduku yetu ya ushahidi, nayo ni msamiati. Neno merikani lahifadhi habari za pamba iliyoletwa Zanzibar na meli za Marekani katika karne ya 19, ikavaliwa kutoka pwani hadi kwenye maziwa makuu. Neno kaniki, neno bafta, neno hariri, kila moja lina safari yake. Wanafunzi wetu wa Uganda wangali waweza kuona nguo ya gome la mti wa mutuba ikigongwa na mafundi wa Buganda, ufundi ambao UNESCO imeutambua kuwa urithi wa wanadamu. Darasa likipewa matambara, sindano na wanasesere wachache wa mabua, likaambiwa liwavike watu wa nchi hii wa mwaka 1850, wa 1900 na wa 1960, litalazimika kuuliza maswali ya haki: nani alivaa nini, kitambaa kilitoka wapi, nani alikifuma, na nani alikuwa hana cha kuvaa. Hayo ndiyo maswali ya historia, na jina la kila kitambaa litakuwa somo la lugha.

Hivyo jibu letu ni kwamba kitu kidogo chaweza kufundisha historia ya kweli, ikiwa anayekitazama atauliza pia habari za mkono ulioshika sindano. Washonaji wa Paris walikuwa na njaa na baridi, nao walipodaiwa shukrani walitoa kilichokuwa bora katika ghala yao: kumbukumbu za kazi yao. Miaka 75 na zaidi imepita. Mkate wa treni ya kwanza uliliwa zamani, nao uliwaokoa watu. Mishono ya treni ya pili ingalipo, na bado yaweza kuhesabiwa.